Miezi mitatu barabarani: cha kununua Kikuubo na cha kuacha

Tuseme una miezi mitatu, begi moja na pesa za kuhesabu. Unatoka Kampala kwenda Nairobi na Mombasa, unaingia Tanzania kupitia Horohoro, unapita Tanga, Dar es Salaam na Dodoma, halafu Rusumo, Kigali, na nyumbani kupitia Gatuna. Nchi nne, karibu njia yote kwa basi. Wengi wakipanga safari ya namna hii huanza na begi. Wewe anza na vitambulisho na noti, maana huko ndiko pesa huvuja bila mtu kuona, kisha ingia Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla mjini Kampala, na orodha fupi.

Bei za sokoni nitakazotaja ni za shilingi ya Uganda, na ni za kuanzia maelewano. Desemba, na wiki zile za kufungua shule, tegemea kupandishiwa.

Kuvuka kwenda Kenya na Rwanda, raia wa Uganda anatumia kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014, bila kulipa kitu. Angalia tu tarehe iliyo kwenye kadi, kwa sababu zile za kwanza zilitolewa kwa miaka 10. Tanzania haimo katika mpango huo. Huko unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Hati ya muda itakuokolea pesa leo, lakini ni ya muda kweli, na ukiongeza safari ya pili unarudi foleni. Pasipoti ya kawaida ni 250,000 na inadumu miaka 10. Ukiitaka haraka unaongeza. Kwa safari ya miezi mitatu, lipia pasipoti. Utaombwa pia unaposajili laini ya simu ugenini na unapobadilisha dola Tanzania.

Kadi ya manjano nayo usiisahau. Uganda imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo mpakani huulizwa. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Basi usikubali kuuziwa sindano ya pili. Na kadi inayouzwa mjini bila sindano iache huko huko: ikikataliwa utalipia chanjo halali juu yake, na mbu hajui kusoma muhuri.

Kama unasafiri na rafiki kutoka Ulaya au Marekani, atakuuliza kuhusu viza ya pamoja ya watalii. Ni dola 100, siku 90, kwa Uganda, Kenya na Rwanda. Inapendeza kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba Tanzania haimo, na mtu akitoka nje ya nchi hizo tatu viza imekufa. Kwa njia niliyoitaja hapo juu, atakuwa amenunua viza inayoishia Horohoro. Akitaka kuitumia vizuri, apange Rwanda mapema na Tanzania mwisho kabisa.

Sasa pesa zenyewe. Kuna njia tatu za kuzibeba: taslimu, simu na kadi ya benki. Hakuna iliyo bure.

Pesa ya simu ndiyo rahisi kuliko zote ndani ya Uganda, lakini kila unapotoa, serikali inachukua asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao. Kwenye milioni moja hiyo ni 5,000 ya kodi peke yake, kabla ya ada. Ukitoa vipande vipande, elfu hamsini leo na elfu hamsini kesho, ada ya mtandao ndiyo itakayokumaliza, kwa sababu viwango vidogo hukatwa sehemu kubwa zaidi. Toa mara chache, kiasi kikubwa, kabla ya kuondoka. Bakiza kwenye simu akiba ya dharura tu.

Kadi ya benki nje ya nchi hukatwa mara mbili: benki yako inakata, na benki yenye mashine inakata. Tena kiwango cha kubadilishia hukichagui wewe. Ibebe kwa ajili ya siku ya kuibiwa, si kwa ajili ya kununua chapati.

Taslimu ndiyo nafuu zaidi, ila ina kanuni zake. Shilingi ya Uganda ina thamani ya maana hadi mpakani na kidogo kupita hapo. Dar es Salaam utahangaika kupata wa kuichukua kwa bei ya haki. Shilingi ya Kenya, kinyume chake, inapatikana Kampala bila shida na kwa kiwango kizuri, kwa hiyo pesa ya mwezi wa Kenya inunue mjini kabla ya kupanda basi. Linganisha maduka mawili matatu ya kubadilishia fedha, usiingie la kwanza tu kwa sababu lina kiti. Pesa ya Tanzania na Rwanda ibebe kwa dola.

Dola nazo zina ubaguzi wake. Noti ya 100 au 50 hupata kiwango bora kuliko noti za 20, 10 na 5, na noti chakavu, yenye maandishi au ya matoleo ya zamani hukatwa au hukataliwa kabisa. Duka likikupa noti iliyochanika pembe, irudishe hapo hapo. Ukisubiri Tanga, ni yako.

Hasara kubwa ni kubadilisha mara mbili. Chukua mfano wa duka linalouza dola kwa 3,650 na kuinunua kwa 3,550. Ukiingia na milioni moja, ukanunua dola, kisha ukabadili mawazo na kuzirudisha, umepoteza takriban 27,000 bila kula wala kulala popote. Hizo zinatosha chandarua na kufuli. Kwa hiyo panga kwanza utatumia wapi, ndipo ununue pesa ya huko mara moja.

Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, utakutana na wabadilishaji wenye mabunda mkononi. Wako waaminifu, na wako wenye vidole vyepesi. Mkononi mwao angalia kitu kimoja: noti ya Kenya ya 1,000 ya zamani, ile yenye sura ya Mzee Kenyatta imejaa, iliacha kuwa pesa halali tarehe 30 Septemba 2019. Mpya ina jengo la KICC. Tanzania nayo iliziondoa noti zake za matoleo ya 1985 hadi 2003, na mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa Aprili 2025. Mgeni asiyejua ndiye anayepewa makaratasi hayo. Hesabu mwenyewe, noti moja moja, na usirudishe bunda mikononi mwake "alihakikishe" tena.

Na ukifika Tanzania usijisumbue kulipa kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipa kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, chukua risiti.

Hayo yakikaa sawa, ndipo ingia Kikuubo.

Kichochoro hiki hakikujengwa kwa ajili ya msafiri mwenye begi moja. Wafanyabiashara wa Juba na mashariki ya Kongo hujazia hapa mizigo yao, na wachukuzi wenye katoni kichwani hawatakungoja usome lebo. Fika asubuhi mapema, pesa mfuko wa mbele, simu usiitoe. Bei utakayosikia mlangoni mara nyingi ni ya dazeni. "Ssebo, chukua dazeni nikupe ya duka." Ukisema unataka moja, atakuongezea au atakuonyesha mwenzake wa rejareja kule mwisho.

Dazeni ni mtego mtamu. Kila kipande kinashuka shilingi mia chache, unajiona mjanja, kisha unabeba sabuni kupita mipaka minne katika nchi ambazo kila kioski kinauza sabuni. Ukipita forodha na vitu kumi na viwili vipya vinavyofanana, tena bila risiti, unafanana na mfanyabiashara, na maswali huanza. Dazeni ina maana kwa kitu kimoja tu: soksi, kama mko watatu na mnagawana. Sabuni, dawa ya meno, sukari, biskuti, vyote nunua njiani vikihitajika.

Begi lenyewe, basi. Jipya la Kichina la lita 40 hivi hutajwa kati ya 60,000 na 100,000. Linapendeza, lina mifuko mingi, na mara nyingi linafia kwenye zipu. Mtumba wa Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, kando ya uwanja wa Nakivubo, utaupata kwa 50,000 hadi 120,000 kutegemea macho yako na saa uliyofika. Kwa pesa ileile mimi nachagua mtumba bila kusita. Begi lililokwisha kutumika miaka mitano na bado lina mikanda yake limeshafanyiwa majaribio ambayo jipya halijafanyiwa.

Lakini likague. Lijaze nguo za muuzaji hadi lishibe, kisha vuta zipu mara kadhaa ukiwa umeibana. Ikiruka meno likiwa limejaa, itapasuka Voi usiku, njiani kwenda Mombasa. Geuza ndani utazame pale mkanda wa bega unapoingia mgongoni: unataka mishono ya kwenda na kurudi, ikiwezekana yenye umbo la msalaba, si mstari mmoja wa uzi. Kwaruza kitambaa cha ndani kwa ukucha. Kikitoka unga mweupe, ule upako wa kuzuia maji umekwisha, na hapo unaomba kupunguziwa au unaondoka. Fundi wa mabegi atakubadilishia kichwa cha zipu kwa elfu chache, kwa hiyo kichwa kibovu si sababu ya kuacha begi zuri, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Usinunue kubwa. Lita 40 hadi 45 linakaa miguuni au mapajani. Lita 70 linaingia buti, na utingo atataka chake. Kwenye teksi za Kampala na matatu za Kenya linahesabiwa abiria. Ukilipa hata 3,000 kila unapopanda, kwa miezi mitatu begi hilo "la bei poa" limekugharimu kuliko lile zuri. Isitoshe, nafasi ikiwepo utaijaza.

Jambo ambalo Kikuubo haitakuambia: mifuko ya plastiki. Hapa utafungiwa kila kitu kwenye kaveera, na ukiondoka nazo utakuwa na tatizo katika nchi zote tatu ulizopanga. Rwanda ilizipiga marufuku 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Sheria ya Kenya inafika faini ya shilingi milioni 4 za huko au kifungo cha miaka 4, ingawa abiria wa kawaida mara nyingi huishia kunyang'anywa na kubaki na nguo zake mkononi. Ukiingia Rwanda wanakagua. Nunua mifuko miwili mitatu ya kitambaa, au kata leso kuukuu ushone. Kwa mvua, koti pana la kufunika wewe na begi pamoja ni bora kuliko kuvika kila nguo plastiki.

Hema acha. Hili linawauma waliokwisha kuota moto wa kambi, lakini piga hesabu. Mjini hakuna pa kulisimika, kambi zilizopo zinatoza kwa kichwa, na unabeba kilo mbili hadi tatu kila siku kwa ajili ya usiku chache. Gesti ya kawaida Tanzania ni shilingi 15,000 hadi 30,000 za huko, na ina mlango. Uliza kwanza kama bei inaingiza maji ya kuoga na chai, na kama ni kwa chumba au kwa mtu. Mkiwa wawili, tofauti hiyo ni nusu ya bajeti ya kulala.

Chandarua, kwa upande mwingine, nunua Kikuubo na usibishane sana. Kipo cha 15,000 hadi 25,000, na cha gesti kina matundu. Chagua cha mstatili kama unajua kufunga kamba, cha duara kama unataka kuning'iniza kwenye msumari mmoja. Hongera, umejiokolea dozi ya malaria.

Leso au kikoi usinunue hapa. Ni taulo, shuka, pazia na mto, utaihitaji, lakini Mombasa iko njiani na huko chaguo ni kubwa. Vaa ya nyumbani hadi ufike.

Viatu: sandali za tairi hazipendezi na hazifi. Raba mpya za bei ya chini zinaachia gundi kwenye joto la pwani. Raba za mtumba, kunja soli kwa nguvu kabla ya kulipa. Ufa mdogo wa Kampala ni mdomo wazi Dodoma. Na kama unategemea kubadilisha nguo na viatu vya mtumba ukifika Kigali, sahau. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na soko lake si kama letu. Nairobi kuna Gikomba, Mombasa kuna Kongowea. Vaa upya kabla ya Rusumo.

Vifaa vya umeme ndiko feki zilikojaa. Pawabenki yenye namba kubwa kwenye kasha na uzito wa kiberiti inakudanganya. Betri halisi ina uzito. Iwashe, ichomeke simu yako dukani, ingoje dakika tano ukiwa umeishika. Ikipata joto kama kikombe cha chai, irudishe. Ya 50,000 yenye dhamana ya duka ni bora kuliko ya 25,000 ya mwenye meza atakayekuwa kahama kesho. Soketi za Uganda, Kenya na Tanzania nyingi ni za pini tatu bapa, kwa hiyo chaja yako inatosha. Rwanda ni pini mbili za duara. Adapta moja ya elfu chache, basi, wala usiuziwe ile ya "dunia nzima".

Maji yanakula bajeti kimya kimya. Chupa kubwa moja kwa siku, tuseme 2,000, kwa siku 90 ni 180,000. Chupa ya chuma, vidonge vya klorini na birika la jikoni la gesti ukiomba maji yaliyochemshwa, vinashusha hiyo hadi chini ya robo.

Usafiri sasa. Basi la moja kwa moja Kampala hadi Nairobi hutajwa kati ya 80,000 na 120,000. Kukata safari, yaani teksi hadi Busia, kuvuka kwa miguu, kisha matatu ya Kenya, kunaweza kukuokolea kidogo kama una mchana mzima na mzigo mdogo. Lakini ukichelewa ukalala Busia, umelipa zaidi. Basi la usiku linakuokolea chumba. Kwa safari hiyo chukua basi la moja kwa moja, na tiketi ikate ofisini kwao. Mpiga debe atakayekushika mkono stendi ana chake ndani ya nauli.

Nairobi hadi Mombasa, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024. Basi linaweza kuwa sawa au chini kidogo. Nauli isiyoandikwa kwenye tiketi ni hii: stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote nje ya mji, kwa hiyo ongeza usafiri pande mbili. Basi linakushusha mjini. Kwa pesa, basi. Kwa mgongo, treni.

Tanzania hesabu inageuka. Treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza Julai 2024, ni shilingi 31,000 za Tanzania na inachukua saa nne hivi. Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya mji. Mabasi ya mikoani yanaanzia stendi ya Magufuli kule Mbezi Louis, na kufika huko tu ni nauli na asubuhi nzima. Hapa panda treni, ila kata tiketi siku kadhaa kabla, kwani viti vya kawaida huisha.

Ukitaka kuingia hifadhi yoyote njiani, beba kitambulisho mfukoni, si kwenye begi lililobaki gesti. Tanzania mwana Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na asiye na uthibitisho ni mgeni.

Rwanda, panga usifike Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na usafiri unasimama hadi karibu saa sita mchana, na chumba utalipia.

Kama leo una 200,000 tu za vifaa na basi ni Ijumaa, nunua kwa mpangilio huu: begi la mtumba, chandarua, kufuli imara, pawabenki. Bei zikikubana, pawabenki ndiyo ya kuacha. Simu utaichaji gesti. Koti la mvua lichukue leo kama unaondoka Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, vinginevyo lisubiri. Adapta haina haraka mpaka Kigali, na huko, kwenye stendi ya Nyabugogo, utaipata kabla hujatoka nje.